Jongoo bahari wa Galápagos na tukani wa milimani wa Ecuador: nani anapiga kazi zaidi?

#1 Mchokonozi
Wakuu salaam. Nimekuja na ubishi.

Ecuador ina viumbe wawili ambao hawajawahi kukutana na hawatakutana. Wa kwanza ni jongoo bahari wa kahawia, Isostichopus fuscus, anayekaa kwenye miamba ya Galápagos na mwambao wa bara. Ana urefu wa sentimita ishirini na kitu, mgongo umejaa vinundu vya rangi ya machungwa. Wa pili ni tukani wa milimani, Andigena laminirostris, wa misitu ya mawingu kwenye miteremko ya magharibi ya Andes, Ecuador na kipande cha kusini-magharibi mwa Kolombia. Huyu kifua ni buluu ya kijivu, mgongo wa kahawia, mdomo mweusi wenye kibamba cha manjano ubavuni.

Tukani watu wanavuka bahari kwenda kumpiga picha. Jongoo anapasuliwa, anachemshwa, anakaushwa, anasafirishwa kwenda kuliwa Asia. Dai langu: kwa kazi, jongoo anamwacha tukani mbali. Wakitoweka wote leo, pengo la jongoo litaonekana kwanza. Anayebisha aje.

#2 Bosi_Kitaa
Mkuu umekosa vya kulinganisha? Ndege anayeruka na kulea watoto, umuweke mizani moja na kitu kisicho na macho wala ubongo, kimelala chini kama mto wa kochi ulionyeshewa? Mimi niko na tukani. Mods fungeni uzi.

#3 DadaMaabara
Usifunge kwanza @Bosi_Kitaa. Ubongo kweli hana, ana pete ya neva kuzunguka mdomo na neva tano zinazoteremka mwilini. Lakini ukija kwenye ukoo utashangaa: jongoo bahari ni ndugu wa tukani kwa karibu zaidi kuliko pweza. Pweza pamoja na macho yake na akili zake zote yuko tawi la mbali.

Angalia kiinitete. Kwenye tawi la kina pweza, konokono na wadudu, kawaida tundu la kwanza kufunguka linaelekea kuwa mdomo. Kwenye tawi la jongoo bahari, viti vya pweza na wanyama wote wenye uti wa mgongo, tundu la kwanza linakuwa la haja kubwa, mdomo unakuja baadaye. Vipimo vya vinasaba navyo vinawaweka pamoja.

#4 Bosi_Kitaa
Yaani mimi, wewe, tukani na huyo jongoo sote tulianzia makalioni? Siku yangu imeharibika saa mbili asubuhi.

#5 Nahodha_Mstaafu
Ngojeni niongeze chumvi. Jongoo bahari hata kupumua anapumulia huko huko. Anavuta maji kwa nyuma, yanaingia kwenye viungo viwili vyenye matawi kama mti ndani ya mwili, hewa inachujwa, maji yanatolewa. Na kuna visamaki vyembamba vinavyofanya makazi humo ndani mwa majongoo, vinaingia kwa kutanguliza mkia wakati mwenye nyumba anapumua. Adui akimsumbua, jongoo anarusha nyuzi nyeupe zinazonata kama gundi mpaka adui anakwama. Nimeyaona kwa macho nikiwa napiga mbizi.

#6 DadaMaabara
@Nahodha_Mstaafu kupumua na wapangaji, sawa kabisa. Nyuzi hapana, siyo kwa huyu. Nyuzi ni za familia nyingine, ya Holothuriidae, hasa kina Bohadschia, bila shaka ndio uliowaona. Isostichopus yuko familia ya Stichopodidae, na familia hiyo haina nyuzi hizo kabisa.

Silaha yake ni ngozi. Nyama ya ukuta wa mwili inaweza kukaza ikawa ngumu kama mpira, au kulegea hadi ateleze mkononi kama uji mzito, yote kwa amri ya neva. Akibanwa sana majongoo wengi wanatoa utumbo wote nje, kisha wanaotesha mwingine. Mwanafunzi anayepasua jongoo maabara mara ya kwanza hudhani amemuua kwa kisu, kumbe mnyama kajimwaga mwenyewe.

#7 Nahodha_Mstaafu
Bohadschia ndio nini tena, sisi tulikuwa tunasema tu "yule mwenye gundi". Haya, endelea mwalimu.

#8 MlinziWaMsitu
Naona tukani hana wakili, nachukua kesi. Tukani huyu ana urefu wa kama nusu mita na uzito wa gramu 300 hivi. Anakula matunda ya miti mingi. Mbegu ndogo zinapita tumboni, mbegu kubwa anazitema baadaye, akiwa ameshahama mti. Sasa fikirini miti ya jamii ya parachichi pori yenye mbegu kubwa: ndege mdogo hawezi kumeza tunda lile. Ukiondoa ndege wenye koo pana, mbegu zinaanguka chini ya mama yao na kuoza au kuliwa hapo hapo. Mteremko wa Andes ni mkali, maji ya mvua hayapandishi mbegu mlimani. Anayepandisha ni mwenye mbawa.

Kwa hiyo @Mchokonozi msitu unaouona ukingoni mwa ukungu umepandwa na midomo. Jongoo kapanda nini?

#9 Kipepeo88
Si ndiye yule hondohondo? Mbona wapo wengi tu Afrika.

#10 MlinziWaMsitu
Siye. Hondohondo na tukani wanafanana midomo tu, koo zao ni mbali. Tukani ni jamaa wa kigong'ota na zuwakulu. Mwangalie vidole, viwili mbele viwili nyuma. Na tukani wote ni wa mabara ya Amerika tu, hawajawahi kuvuka. Wa jenasi Andigena wako spishi nne, wote wa Andes.

#11 Mama_Kiota
Wakili asifiche dosari za mteja. Tukani huyu siyo mtakatifu wa matunda. Anakula wadudu, mayai na makinda ya ndege wengine. Na kwa vile hawezi kuchimba tundu gumu kama kigong'ota, anagombania matundu yaliyopo. Kuna zuwakulu mmoja wa misitu hiyo hiyo, Semnornis ramphastinus, anayejichimbia kiota kwenye mti mfu, halafu tukani anakuja kumfukuza na kuhamia. Zuwakulu yule analea watoto kwa kusaidiana familia nzima, na bado wananyang'anywa nyumba.

#12 Bosi_Kitaa
Kumbe dalali wa nyumba. Nazidi kumpenda.

#13 Mchokonozi
@MlinziWaMsitu umeuliza jongoo kapanda nini. Sikiliza. Pale Heron Island, Australia, watafiti walikadiria majongoo kama milioni 3 kwenye mwamba mmoja, na mchanga wanaoupitisha tumboni ni zaidi ya tani 64,000 kwa mwaka. Wanaula mchanga mchafu, wanayeyusha uozo na vijidudu, wanautoa msafi. Na huko Mo'orea, French Polynesia, watafiti walitoa majongoo kwenye vipande vya sakafu ya bahari na kuwaacha kwenye vingine. Palipotolewa majongoo, matumbawe yalikufa kwa kiwango cha mara 15 hivi ya palipoachwa majongoo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Nitajieni tukani aliyewahi kupimwa hivyo.

#14 DadaMaabara
Namba ni za kweli, mahali siyo. Heron Island ni Holothuria atra, spishi nyingine, kwenye mwamba wa matumbawe wenye mchanga. Mo'orea nako ni matumbawe. Galápagos ni visiwa vya volkano, sehemu kubwa ni miamba myeusi na mwani, matumbawe ni kidogo. Isostichopus fuscus anakaa kwenye miamba, analamba mashapo na uchafu uliotuama juu yake na kwenye mifuko ya mchanga. Kazi ya kusafisha na kurudisha rutuba majini anaifanya, sikatai, lakini usichukue mshahara wa H. atra ukamlipa mwingine.

#15 Mchokonozi
Wote wana mikono ya kunata mdomoni na utumbo mrefu. Kazi ni ile ile, ofisi tu ndio tofauti.

#16 DadaMaabara
Ofisi ndiyo inayoamua kazi.

#17 Mzee_wa_Kumbukumbu
Vijana mnabishana juu ya nani atatoweka, wakati jongoo alishajaribiwa kutoweshwa. Niwape historia kidogo.

Uvuvi wake ulianza bara la Ecuador mwaka 1988. Miaka michache tu bara pakawa hakuna kitu, wanunuzi wakahamia Galápagos mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali ikapiga marufuku. Wavuvi wakashinikiza, ukafunguliwa uvuvi wa majaribio Oktoba 1994: miezi mitatu, majongoo 550,000 tu. Haikufika miezi mitatu. Mwezi wa pili serikali ilifunga kwa sababu makadirio ya waliovuliwa yalizidi milioni 6. Mapema Januari 1995 wavuvi wenye hasira wakavamia na kuzingira Kituo cha Utafiti cha Charles Darwin kule Santa Cruz, wakatishia kudhuru kobe wakubwa. Kobe! Mnyama anayejulikana dunia nzima akafanywa mateka kwa ajili ya mnyama asiye na uso.

Kisha ikaja Sheria Maalumu ya Galápagos ya mwaka 1998 na hifadhi ya bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 130,000. Mwaka 1999 uvuvi ukafunguliwa tena kwa msimu na mgao. Mwaka 2003 Ecuador ikamwandikisha jongoo huyu kwenye Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

#18 Kipepeo88
Asante mzee. Ila mbona kwingine nasikia ni El Niño? Ile ya 1982–83 na ya 1997–98 zilipasha moto maji ya Galápagos, pengwini wakafa, mijusi ya baharini ikakonda. Labda wavuvi wanasingiziwa.

#19 Nahodha_Mstaafu
Joto lina mchango wake, lakini bara walikwisha kuisha kabla ya El Niño ya 1997. Mimi naamini ni kompresa. Zamani mzamiaji alishusha pumzi yake tu. Siku hizi mashine ya hewa inakaa kwenye mtumbwi, mpira mrefu unashuka, mtu anatembea chini akiokota kwa saa nyingi. Jongoo hakimbii, hajifichi sana, kila unachokiona ni chako. Na hao wazamiaji wenyewe wanaumia, wanapanda juu haraka, hewa inatoa mapovu kwenye damu, viungo vinapooza. Hilo halizungumzwi.

#20 Mama_Kiota
Mimi nasema hata kompresa siyo jibu lote. Tatizo ni jinsi wanavyozaana. Hawapandani. Dume anamwaga mbegu majini, jike anamwaga mayai majini, wakutane wenyewe. Wakiwa wametawanyika sana mbegu zinapotelea baharini. Kwenye mwambao wa Ecuador imeonekana wanazaa kila mwezi, siku chache baada ya mwezi mwandamo, yaani wanasubiriana kwa kalenda ya mwezi. Ukiwaacha kumi kwenye eneo kubwa, mwezi utaandama na kila mmoja atamwaga peke yake. Kwa maana hiyo wanaweza kuendelea kupungua hata baada ya uvuvi kusimama.

#21 MlinziWaMsitu
@Mama_Kiota hapo umegusa tofauti kubwa. Tukani anatafuta mwenza kwa macho na sauti. Wakibaki wawili bondeni, watasikiana. Anataga mayai mawili au matatu tundu la mti, wazazi wote wanalea. Jongoo anatoa mayai maelfu kwa maelfu na kuyaaga papo hapo. Mmoja anategemea umati, mwingine anategemea mti mkubwa wenye tundu. Kata miti mizee tu, acha midogo yote, tukani ana chakula lakini hana chumba.

#22 Bosi_Kitaa
Mimi nina swali nje ya mada. Kile kibamba cha manjano mdomoni kazi yake nini? Nimeangalia picha dakika nyingi kuliko inavyofaa. Kinaonekana kama kimebandikwa.

#23 Kipepeo88
Nilisoma mdomo wa tukani ni kipoza joto. Kuna utafiti wa 2009 wa Tattersall na wenzake kwa kamera za joto: tukani akipata joto anafungulia damu mdomoni, akisikia baridi anafunga. Sasa kibamba si ndio bomba lenyewe?

#24 DadaMaabara
Utafiti ule ulimhusu toco, tukani mkubwa wa nyanda za chini zenye joto. Yule mdomo wake ni theluthi ya urefu wa mwili lakini uzito wake ni sehemu moja tu ya ishirini. Wa milimani anaishi kuanzia kama mita 1,200 hadi 3,000 na zaidi, kwenye ukungu. Kupoza joto huko siyo shida kubwa, shida ni kulitunza. Ukilinganisha ndege wengi, wa maeneo ya baridi huwa na midomo mifupi kiasi, jambo linalokubaliana na hoja ya joto. Lakini kibamba hakielezeki kwa hilo.

#25 Mama_Kiota
Ni urembo wa kuchumbiana. Darwin mwenyewe aliwahi kudhani midomo mikubwa ya tukani ni ya mapambo.

#26 MlinziWaMsitu
Dume na jike wote wanacho, ila mdomo wa jike ni mfupi kidogo. Nani anampambia nani?

#27 Mama_Kiota
Wanapambiana wote wawili. Kwani lazima mmoja akae tu kuchagua?

#28 Nahodha_Mstaafu
Labda ni kitambulisho. Kati ya wale Andigena wanne ni huyu peke yake mwenye kibamba. Kwenye ukungu unaona alama ya manjano, unajua ni wa kwenu.

#29 MlinziWaMsitu
Ingekuwa hivyo kama angeishi kwa kuchanganyika na ndugu zake. Yule wa kifua kijivu, Andigena hypoglauca, kwa Ecuador yuko zaidi miteremko ya mashariki, na kati yao kuna mlima mzima. Wa Peru na Bolivia ndio kabisa.

Mimi nilimwona kwenye barabara ya zamani ya kutoka Quito kwenda Mindo. Husikii mbawa. Unasikia mlio wa puani unaorudiwa bila kuchoka, halafu kwenye ukungu inatokea rangi. Nyekundu chini ya mkia, manjano ubavuni na kiunoni, buluu, ngozi ya macho rangi mbili. Kibamba ndio kitu cha mwisho unakiona. Ndiyo maana hoja ya kitambulisho hainiingii.

#30 Bosi_Kitaa
Maelezo matatu na hakuna jibu. Nabaki na nadharia yangu kwamba kimebandikwa.

#31 Wakili_Msomi
Turudi kwenye mada. Ecuador ndiyo nchi ya kwanza duniani kuandika haki za mazingira ndani ya katiba, mwaka 2008. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikatumia haki hizo kuzuia uchimbaji madini kwenye msitu wa Los Cedros, msitu wa mawingu hasa. Agosti 2023 wakazi wa Quito walipiga kura kuzuia uchimbaji kwenye Chocó Andino, makazi ya tukani huyu, na zaidi ya theluthi mbili walisema ndiyo. Baharini nako waliongeza hifadhi ya Hermandad mwaka 2022, kilomita za mraba 60,000. Ila ile inalenga zaidi njia za wanaohama, papa na kasa. Jongoo hahami. Mimi naona sheria zinafuata uzuri.

#32 Mzee_wa_Kumbukumbu
Sikubaliani. Quito hawakupigia kura ndege, walipigia maji. Misitu ile inatunza maji. Na Galápagos wavuvi hawakuwa mashetani. Wengi walihamia visiwani kwa sababu bara hakukuwa na kazi, na mnunuzi alikuja na fedha taslimu. Ndege haji mtu kununua kilo zake. Hilo ndilo linalotofautisha hatima zao: IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka jongoo kundi la walio hatarini kutoweka, tukani bado yuko kundi la wanaokaribia kuwa hatarini.

#33 Wakili_Msomi
Tukani anauzwa kwa hekta, mzee. Malisho ya ng'ombe ni bei ya tukani.

#34 Mchokonozi
Kurasa zinaenda na hakuna aliyejibu. Pengo la nani litaonekana kwanza?

#35 MlinziWaMsitu
Unauliza la nani litaonekana kwanza ukitaka tusikie la nani ni kubwa zaidi. Miti iliyopandwa na tukani wa jana itasimama miaka mingi baada ya tukani wa mwisho. Utapita chini yake ukisema msitu upo salama. Pengo lake linachelewa na halizibiki kirahisi.

#36 DadaMaabara
Na wote wawili wana wa kushika nafasi kwa sehemu. Msitu ule una ndege wengine wala matunda, baadhi wakubwa kuliko tukani. Galápagos kuna majongoo wengine pia, kama Stichopus horrens, ingawa naye ameanza kuvuliwa kwa magendo usiku. Swali la nani wa lazima zaidi haliwezi kujibiwa bila kuwatoa na kupima, na kwa I. fuscus hilo jaribio lilishafanyika bila mtu kupima vizuri kabla.

#37 Mchokonozi
Hapo kwenye "lilishafanyika" umenipa ushindi.

#38 DadaMaabara
Nimekupa jaribio lisilo na kipimo cha mwanzo. Huo siyo ushindi.

#39 Nahodha_Mstaafu
Nyie wasomi, kwani huyu jongoo hawezi kufugwa? Wakipandwa vifaranga baharini ubishi unaisha.

#40 Mama_Kiota
Ecuador walishajaribu bara. Walizalisha kwenye matangi, wakakuza wadogo hata kwenye mabwawa yaliyokuwa ya kamba. Wanakua. Kazi ngumu ni kumlisha lava (mtoto mchanga wa jongoo) anayeelea kwa wiki kadhaa kabla hajatua chini, wengi wanafia hapo. Na ukishawakuza, mwenye bwawa atawaza kuuza kwanza, kupanda baharini baadaye.

#41 Bosi_Kitaa
Na tukani anafugwa kwenye bwawa gani?

#42 MlinziWaMsitu
Mtundikie sanduku la kiota kwenye mti, halafu ukawaeleze wale zuwakulu wa #11 kwamba la kwao umelisahau.